Kuku, dagaa na ng'ombe: nani anaweza kuteseka zaidi?

Katika fani yetu ya ustawi wa wanyama kuna swali linalokwepwa sana: mateso ya kuku na mateso ya ng'ombe, je, yanalinganishika? Wenzangu wengi husema hapana, kila mnyama na lake. Sikubaliani nao. Halmashauri inayotuma mkaguzi machinjioni kila alfajiri, lakini haimtumi mwaloni, samaki wanakoshushwa, hata siku moja, imeshalinganisha tayari, tena bila kufikiri.

Ndani ya swali hilo mna maswali mawili yanayochanganywa. Mnyama huyu anahisi chochote? Na kama anahisi, raha yake inaweza kupanda hadi wapi, na mateso yake kushuka hadi wapi? Ushahidi wa la kwanza unazidi kuongezeka. La pili ndilo gumu.

Wengi hukimbilia ubongo. Suzana Herculano-Houzel, mwanasayansi wa Brazili, na wenzake walihesabu seli za neva: binadamu ana takriban bilioni 86, tembo wa Afrika bilioni 257. Basi tembo anaumia mara tatu kutuzidi? Hapana, maana karibu asilimia 98 ya seli hizo ziko nyuma ya kichwa, kwenye ubongo mdogo unaoratibu miendo. Pweza ana kama milioni 500, na nyingi zimo kwenye mikono yake. Hesabu hii haitupeleki mbali.

Bora kumwangalia mnyama anafanya nini. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake waliwadunga samaki aina ya trauti asidi ya siki midomoni. Wakaanza kusugua midomo kwenye changarawe, na hamu ya kula ikapotea kwa muda. Mwaka 2021 Robyn Crook alionyesha kwamba pweza aliyedungwa asidi hiyo hukikwepa chumba alikoumizwa, na hupendelea alikopewa dawa ya ganzi. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Bristol, Uingereza, mwaka 2000. Kuku wa nyama waliokuwa wakichechemea walipewa vyakula viwili, kimoja kikiwa na dawa ya maumivu. Walikula zaidi kile chenye dawa kuliko wenzao wazima, na kadiri mguu ulivyokuwa mbovu ndivyo walivyozidisha. Hapo kuku mwenyewe ndiye anayekuonyesha kiwango cha maumivu yake.

Lakini kipimo kinaweza kudanganya. Kuna panya fuko asiye na manyoya, wa Kenya, Somalia na Ethiopia. Mpake asidi au kiini cha pilipili, hashtuki. Anaishi mashimoni kwa msongamano, kwenye hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayozalisha asidi mwilini, na mageuzi ya vizazi vingi yakamzimia njia ya maumivu ya asidi. Mbinye, atajitoa mara moja. Tungempima kwa asidi peke yake, tungeandika kwamba mamalia huyu haumii! Na daktari yeyote wa mifugo anamjua punda: mgongo una kidonda, naye anavuta mkokoteni kimya.

Kwa hiyo kukosekana kwa ushahidi kusisomwe kama ushahidi kwamba mnyama haumii. Timu ya mwanafalsafa Jonathan Birch, iliyoishauri serikali ya Uingereza mwaka 2021, ilikuta ushahidi mzito wa hisia kwa pweza na kaa, na haba kwa kamba wanaofugwa, kwa kuwa hawajachunguzwa vya kutosha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 kuhusu ustawi wa wanyama wenye hisia iliwaingiza wote.

Shirika la utafiti la Rethink Priorities lilithubutu kutoa namba kwa swali la pili, yaani upana wa raha na mateso ya kila mnyama. Binadamu akiwa 1, nguruwe akakadiriwa kama 0.5, kuku 0.33, samaki aina ya kapu 0.09, kamba 0.03. Kila namba ina mawanda mapana ya shaka, kwa hiyo asizitumie mtu kama bei ya sokoni. Mimi nazithamini kwa sababu zinalazimisha hesabu. Ng'ombe mmoja hutoa, tuseme, kilo 120 za nyama. Dagaa wabichi wa uzito huo, wa gramu 2 kila mmoja, ni 60,000. Hata ukimpa dagaa uwezo wa sehemu moja tu kwa elfu ya ng'ombe, jumla yao ni ng'ombe 60.

Muda nao uhesabiwe. Dagaa anakata roho ndani ya mtumbwi kwa muda mfupi. Kuku wa nyama aliyevimba kifua kuliko miguu yake inavyoweza kubeba anaweza kuchechemea kwa siku nyingi za maisha yake ya wiki 5 au 6. Ndiyo maana, kama bajeti ingekuwa yangu, ningeanza na banda la kuku: ushahidi upo, idadi ni kubwa, na tiba inajulikana, yaani mbegu inayokua polepole, nafasi zaidi, na matandazo makavu.