Kipeperushi cha mlezi kijibu kwanza swali la usiku

Mtoto aliyepewa dawa za saratani anaweza kuruhusiwa kurudi nyumbani akicheza vizuri, kisha baada ya wiki moja au mbili joto likapanda ghafla. Ni siku ambazo chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili, mara nyingi huwa zimeshuka sana, na maambukizi huweza kuhatarisha maisha yake kwa saa chache. Mama anayefungua kipeperushi saa nane usiku kwa mwanga wa simu ana swali moja: niende sasa au nisubiri kukuche?

Vipeperushi vingi huanza na "Saratani ni nini?" Maelezo hayo yana nafasi yake, mchana, muuguzi akiwa karibu. Ukurasa wa kwanza ungepaswa kusema hivi, kwa herufi kubwa: "Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali sasa hivi, hata akionekana mzima. Ukifika sema: mtoto huyu anatumia dawa za saratani." Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe kamwe. Bila hiyo, homa huweza kuchukuliwa kuwa malaria ya kawaida, mtoto akarudishwa nyumbani na vidonge wakati anahitaji haraka antibiotiki za kuchomwa kwenye mshipa. Chini yake iwekwe namba ya simu ya wodi, na onyo la kutompa Panadol kabla ya kumpima joto, kwa kuwa dawa hiyo hushusha homa na kuficha hatari. Mlezi akumbushwe pia kuweka nauli ya dharura kando.

Wapo wanaodhani mzazi hutulizwa kwa kupunguziwa ukweli. Naona kinyume chake. Maneno kama "homa kali" na "wahi hospitali" ndiyo yanayomtia wasiwasi, maana hajui kali ni kiasi gani wala kuwahi ni lini. Picha za watoto waliodhoofika nazo hazimsaidii. Mchoro rahisi wa kipimajoto unatosha. Na tumaini la kweli liandikwe wazi, kwa sababu wazazi wengi hufika wakiamini saratani ni hukumu ya kifo. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao hupona, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 lengo la kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030.

Kabla ya kuchapisha, wapeni walezi wenyewe wakisome, pamoja na bibi na dada wanaobaki na mtoto mama akiwa kazini. Msiwaulize "mmeelewa?", maana watajibu ndiyo kwa heshima. Ulizeni: "Usiku huu akichemka mwili, utafanya nini kwanza?" Mlezi akikwama, irekebisheni karatasi. Kwa asiyesoma, ujumbe huohuo urekodiwe kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani kwake, atumiwe kwenye simu kabla hajaondoka wodini.