Kutega taimingi ya pampu ya dizeli: maneno ya gereji na ukweli wake

Msimu wa korosho ukifunguliwa, malori yanayoteremka na magunia kutoka Newala na Masasi kuja Mtwara mjini hayapewi nafasi ya kulala gereji. Kila mtu ana haraka, na haraka hiyo ndiyo inayolisha maneno haya ya gereji kuhusu taimingi, yaani wakati pampu inaposukuma dizeli kwenye silinda.

"Sogeza pampu mbele kidogo, gari lipate nguvu." Maana yake, pampu isukume mafuta mapema zaidi. Hili linaniuma kuliko yote. Dizeli haina plagi ya cheche. Mafuta huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Pampu ikiwahi mno, moto unaikandamiza pistoni ingali inapanda. Injini inagonga, mlio mkavu kama nyundo juu ya chuma. Dereva anasema gari limechangamka, kumbe kipigo kinaingia kwenye pistoni, beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na gasketi ya hedi. Nimefungua injini ya namna hiyo, nikakuta pistoni imelika ukingoni kama mkate ulioumwa na panya.

"Alama zikikutana, kazi imekwisha." Krenki huzunguka mara 2 pampu ikizunguka mara 1. Kwa hiyo alama ya kwenye puli ya krenki hufika mahali pake mara 2: pistoni ikibana hewa, na ikimaliza kutoa moshi. Ukiifunga pampu kwenye ile ya pili, utapiga stata mpaka betri ife. Fungua kava, shika roka, mikono inayofungua valvu, za silinda ya kwanza. Zote mbili zikicheza mkononi, hapo ndipo penyewe.

"Fundi mzoefu anatega kwa sikio." Sikio hutambua kugonga, halisomi digrii. Kwenye pampu ya mstari, ile yenye njia za mafuta za kila silinda zilizopangwa safu moja, toa valvu iliyo juu ya pampu kwenye njia ya silinda ya kwanza pamoja na springi yake, funga kibomba kilichopinda kama shingo ya bata, uzungushe krenki polepole kwa spana. Dizeli itatiririka, itapungua, kisha itadondoka tone kwa tone. Simama hapo hapo. Soma digrii kwenye flaiwili, linganisha na kitabu cha injini hiyo hiyo, si ya jirani yake. Na kumbuka, digrii 1 kwenye shafti ya pampu ni digrii 2 za krenki. "Kidogo" ya bisibisi si kidogo.

"Moshi mweusi ni taimingi." Mara nyingi sivyo. Kung'uta kwanza chujio la hewa, kisha kapime nozeli, zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda. Moshi mweupe unaonuka dizeli injini ikiwa imeshapata moto, hapo ndipo uishuku pampu kuchelewa, na kabla ya kuigusa, angalia kama bolti zake hazijalegea.