Michezo ya Hofu ya Kisaikolojia Haifundishi Uchawi
Katika mabanda ya gemu ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, si ajabu kumsikia mzazi akisema kwamba mchezo wowote wenye giza na sauti za kutisha humfundisha kijana uchawi. Dhana hiyo inachanganya vazi na mwili: katika michezo ya hofu ya kisaikolojia, yaani inayotisha kwa yaliyomo akilini mwa mhusika, giza ni vazi tu. Katika Silent Hill 2, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 2001, James Sunderland anafika katika mji uliofunikwa na ukungu (mkazi wa milima ya Uporoto, karibu na Mbeya, angeuzoea upesi) baada ya kupata barua ya mkewe aliyekwisha kufariki, na viumbe vya kuogofya anavyokutana navyo ni sura za hatia na huzuni asizotaka kuzikiri. Hellblade: Senua's Sacrifice wa mwaka 2017 ulitengenezwa kwa ushauri wa Paul Fletcher, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na watu waliowahi kusikia sauti zisizokuwapo, ndiyo maana mchezaji aliyevaa spika za masikioni husikia minong'ono ikimzunguka pande zote. Hata hivyo, hofu ya mzazi ina msingi mmoja: nchini Marekani, Silent Hill 2 uliwekewa alama ya umri wa miaka 17 na kuendelea.