SIL si lazima awe wifi

Kuna tafsiri ya vifupisho vya undugu vya Kiingereza imeenea mpaka watu wanafundishana kama kanuni: SIL ("sister-in-law") ni wifi, BIL ("brother-in-law") ni shemeji, basi. Nusu ya pili inakaribia ukweli. Nusu ya kwanza inapotosha, na kwa kuwa wanaoitegemea mara nyingi ni wazazi wanaosoma ushauri kuhusu mtoto, afadhali tulifafanue jambo hili mara moja.

Vifupisho vyenyewe si vigumu. Wazazi wanaoandikiana kwa Kiingereza huchukua herufi ya kwanza ya jina la undugu: H ya "husband", W ya "wife", S ya "son", D ya "daughter", kisha wanaitangulizia D ya "dear", yaani mpendwa. DH ni mume, DW ni mke, DS ni mtoto wa kiume, DD ni mtoto wa kike, DC ni watoto kwa jumla, DP ni mwenzi, mara nyingi wa wale wanaoishi pamoja bila ndoa. LO, yaani "little one", ni mtoto mdogo, wa kike au wa kiume. Upande wa ukwe, IL ni "in-law": MIL ni mama mkwe, FIL ni baba mkwe, PIL ni hao wawili kwa pamoja, DIL ni mke wa mwana.

Hapo kwenye DIL wengi huteleza. D yake si ile ya mpendwa, ni ya binti. Na hata ile ya mpendwa usiitafutie mapenzi. Mama anaweza kumlalamikia mumewe aya nzima na bado akaendelea kumwita DH, kama vile barua ya kudai deni inavyoanza kwa "Ndugu". Kwa hiyo anayetafsiri DH kuwa "mume wangu kipenzi" anaongeza kitu ambacho mwandishi hakukisema. "Mume wangu" inatosha kabisa.

Namba nazo zinahitaji uangalifu. DS4 kwa mzazi mmoja ni mtoto wake wa kiume wa nne, kwa mwingine ni mtoto wa kiume mwenye miaka minne. Maandishi yanapohusu kuchelewa kusema au kukojoa kitandani, hiyo ni tofauti kubwa. Mtoto wa miaka minne anayelowesha kitanda usiku hashangazi mtu. Mtoto wa nne anaweza kuwa na miaka kumi. Yakihusu dawa ya homa, ambayo kipimo chake hufuata uzito na umri, kukisia ni hatari. Soma mbele mpaka umri utajwe wazi, na usipotajwa, usichukue kipimo cha mtoto huyo ukampa wa kwako.

Sasa turudi kwa SIL. Chimbuko la tatizo liko kwenye hiyo "in-law". Wengi hudhani sheria inayotajwa hapo ni ya ndoa iliyosajiliwa serikalini. Sivyo. Ni sheria ya kanisa la Ulaya ya zamani, iliyopanga nani haruhusiwi kumwoa nani. Mtu akishaoa, ndugu wa mkewe walihesabiwa kuwa ndugu zake pia: si kwa damu, kwa sheria. Makatazo hayo yalienda mbali sana, hata Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa kanisa wa mwaka 1215, ukayapunguza kutoka daraja saba za undugu hadi nne. Dada wa mke alikuwa dada "kisheria", na mke akifa, mume hakuruhusiwa kumwoa dada huyo.

Uingereza iling'ang'ania katazo hilo muda mrefu. Sheria ya mwaka 1835 ilifanya ndoa kama hiyo kuwa batili tangu mwanzo, na ni mwaka 1907 tu ambapo Bunge lilimruhusu mwanamume kumwoa dada wa marehemu mkewe. Kumwoa mjane wa kaka kulisubiri sheria nyingine, ya mwaka 1921. Wanawake hao wawili Kiingereza kinawaita kwa jina moja, "sister-in-law", lakini bunge lake liliwatenganisha kwa miaka kumi na minne.

Zamani jina hilo lilitanda zaidi ya hapo. Katika Kiingereza cha karne ya 19 "mother-in-law" aliweza kuwa mama mkwe au mama wa kambo, na ni msomaji aliyetakiwa kujua ni yupi. Kifaransa bado kiko hivyo, "belle-mère" ni wote wawili. Nayasema haya kwa sababu yanaonyesha lugha hizo ziliuliza swali gani. Ziliuliza: je, huyu ameingia katika familia kwa njia ya ndoa? Jibu likiwa ndiyo, jina limepatikana.

Kiswahili kinauliza swali jingine. Kinauliza nani anasema, na anamsema nani. Wifi ni neno la wanawake wawili: mwanamke na dada wa mumewe, au, ukigeuza upande, mwanamke na mke wa kaka yake. Wanaitana hivyo wote, kila mmoja ni wifi wa mwenzake. Mwanamume hana wifi. Dada wa mkewe ni shemeji, mke wa kaka yake ni shemeji, na yeye kwao ni shemeji. Wapo wanaosema mwamu pale wengine wanaposema shemeji. Wanaume waliooa ndugu wanaitana mwanyumba, neno zuri ambalo naona linasahaulika, na ambalo Kiingereza kinalitupa ndani ya BIL pamoja na kaka wa mke na mume wa dada. Ndiyo maana nilisema "BIL ni shemeji" inakaribia ukweli bila kuufikia.

Tusijisifu kupita kiasi, maana mkwe nalo ni neno la pande mbili. Mama wa mume ni mkwe kwa mke wa mwanawe, na huyo naye ni mkwe kwake. Wazee walikuwa na mavyaa kwa yule wa kwanza na mkaza mwana kwa yule wa pili. Leo tunaongeza "mama" mbele ya mkwe, mambo yanaeleweka. Ila SIL haina cha kuongeza.

Chukua sentensi hii: SIL anakaa na LO usiku ili DW apate kulala. Kifupisho cha mwisho kinaonyesha anayeandika ana mke, basi tumchukue kuwa ni baba. Huyo SIL ni shemeji yake, pengine dada wa mkewe. Tafsiri inayozunguka inasema: "Wifi yangu anakaa na mtoto usiku ili mama yake apate kulala." Ghafla anayeongea ni mwanamke, na mama aliyejifungua ni mtu wa tatu asiyejulikana ni nani kwake. Msomaji ataanza kujiuliza kama anayeandika ni bibi wa mtoto au shangazi. Ushauri ambao baba yule alipewa, kwamba naye achukue zamu ya usiku, unasomeka kama umeelekezwa kwa ndugu aliyekuja kutembelea.

Mbaya zaidi ni hii: DD ana mimba ya miezi saba na SIL amepoteza kazi. Anayeandika ni mama mwenye binti mtu mzima, na S ya hapa si ya "sister" hata kidogo, ni ya "son". SIL huyu ni mume wa binti, yaani mkwe. Ndiyo, herufi tatu zilezile. Ukiandika wifi, umemwondoa baba wa mtoto anayekuja, ukaweka mahali pake mwanamke asiyekuwapo, na binti anaonekana amebeba mimba peke yake. Hofu ya mama yule, kwamba nyumba changa imekosa kipato miezi miwili kabla ya mtoto kuzaliwa, inapotea yote. Wengine huandika DSIL wakidhani wamefafanua, lakini D imeongeza upendo tu, haijasema ni dada au ni mwana.

Dalili za kuwatofautisha zipo. Kiingereza kinachagua kati ya "he" na "she", na kiwakilishi hicho kikija sentensi moja au mbili mbele, kinatoa nusu ya jibu. Tatizo ni kwamba "a-" yetu haibebi jinsia, kwa hiyo anayetafsiri asipoikamata dalili hiyo kwenye Kiingereza, msomaji wa Kiswahili hawezi kuiokota tena. Nusu nyingine ni kumjua anayeandika. Akitaja DH, kadiria kwamba ni mwanamke, na SIL ambaye ni "she" huenda ni wifi yake kweli. Lakini anaweza pia kuwa mke wa kaka wa mumewe, ambaye Kiingereza kinamwita SIL vilevile. Huyo mwandike kwa urefu: mke wa shemeji yangu. Akitaja DW, wifi usimwandike. Akizungumzia wajukuu, kwanza angalia kama SIL ni mkwe wake.

Na pale ambapo maandishi hayatoi dalili yoyote, "ndugu yetu wa upande wa ndoa" inatosha. Haina utamu wa wifi, lakini haimgeuzi baba kuwa mama wala mkwe kuwa dada wa mtu.