Megapikseli nyingi hazifukuzi giza

Muuzaji wa kamera za ulinzi mjini Kampala atakushauri uchukue ya megapikseli 8, eti usiku inaona kuliko ya 4. Mchana, sawa. Usiku mambo hugeuka.

Kinachopokea mwanga ni kihisi, kile kipande kidogo nyuma ya lenzi. Ukigawa kihisi cha ukubwa uleule katika vidoto milioni 8 badala ya milioni 4, kila kidoto hupata takriban nusu ya mwanga. Kamera hujitetea kwa kukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na hapo anayetembea anageuka ukungu: unajua kuna mtu, sura huioni. Basi soma maandishi madogo kwenye boksi. Kihisi cha inchi 1/1.8 ni kikubwa kuliko cha 1/2.8, na lenzi ya f/1.0 (f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana) hupitisha mwanga mara nne ya ile ya f/2.0. Boksi lisilotaja hayo, mimi huliacha dukani.

Kamera nyingi humulika usiku kwa infraredi, mwanga ambao jicho halioni vizuri. Taa za infraredi za nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hufika mbali, ila huonyesha wekundu hafifu. Za 940 hazionekani lakini hufika karibu. Usizielekeze kwenye ukuta mweupe ulio jirani: ukuta utang'aa, geti libaki gizani.

Kamera za rangi usiku nyingi huwasha taa nyeupe. Nzuri, lakini Novemba nsenene, wale panzi wanaofuata taa, watajazana mbele ya lenzi na simu yako italia kwa tahadhari za kamera mpaka alfajiri. Kabla ya kulipa, omba video ya usiku ya mtu anayetembea, si picha ya gari lililoegeshwa.