UFAFANUZI: Diski ya TB 1 kuonyesha GB 931 si dalili ya feki

Katika makundi ya WhatsApp hapa Uganda huzunguka ujumbe kwamba diski ya nje ya TB 1 (terabaiti moja, yaani gigabaiti au GB 1,000) ikionyesha GB 931 kwenye kompyuta, basi mwenye duka pale Kampala amekupunja. Si kweli.

Mtengenezaji huhesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000. Windows hugawanya baiti hizo hizo kwa 1,073,741,824, hupata takriban 931, kisha huandika "GB" vilevile; hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Hakiki mwenyewe: fungua sifa za diski usome idadi ya baiti. Kompyuta za Mac, tangu 2009, huionyesha kuwa karibu TB 1.

Feki zipo, ila hizo hujigamba. Flashi ya bei ya chee inayodai TB 16 ndiyo ya kuogopa: nafasi halisi ikiisha, mafaili huharibika kimyakimya. Ingali tupu, ipime kwa H2testw au F3, programu za bure zinazoijaza data na kuisoma tena.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Huwagombanisha wateja na wauzaji waaminifu bure.