Njia za Vilimani kwa Miguu na Baiskeli: Wanayodhani Watu na Ulivyo Ukweli

Kijia kinachopita kando ya mashamba, kikapanda kilima na kushukia bondeni, huonekana kama kimejichora chenyewe. Mtu akikitazama hudhani kazi yake ni kutembea tu, au kukanyaga pedali, basi. Nimepita njia za namna hiyo kwa miguu na kwa baiskeli miaka mingi, na nimeshika sururu kuzitengeneza. Mengi ninayoyasikia juu yake si kweli, na mengine huiua njia yenyewe.

"Ni kilomita 12 tu, saa mbili na nusu tumemaliza"

Kwenye nchi ya vilima, kilomita peke yake haisemi kitu. Mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa mwaka 1892 kanuni inayotumika hadi leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 za tambarare zitakuchukua kama saa mbili na dakika 24. Zile zile zikiwa na mita 900 za kupanda zinakaribia saa nne, na hapo hujapumzika wala hujambeba mtoto aliyechoka. Kinachohesabiwa ni jumla ya kupanda kote, si kimo cha kilele. Njia inayopanda na kushuka mara kumi inaweza kukumaliza kuliko mlima mmoja mrefu.

Wala kushuka si mapumziko. Misuli ya mapaja huzuia uzito wa mwili huku ikivutwa, na maumivu unayoamka nayo kesho yake mara nyingi yametoka kwenye mteremko.

"Njia iliyokuwa ya reli ni ya watoto"

Nchi nyingi zimegeuza reli zilizofungwa kuwa njia za baiskeli na miguu. Ile ya Otago, New Zealand, ina kilomita 152 na ilikamilika mwaka 2000. Kwa kuwa treni haiwezi mwinuko mkali, hata mahali pabaya zaidi njia hiyo hupanda mita moja tu kwa kila mita 50. Hapo watu huona mchezo.

Lakini tambarare haikupi mteremko wa kukupumzisha. Unakanyaga saa zote, umekaa mkao uleule, viganja na makalio vinalipa. Halafu kuna upepo, ambao ndio mlima wa tambarare. Nguvu ya hewa inayokupinga hukua kwa mraba wa kasi yake dhidi yako: ukienda kilomita 15 kwa saa, na upepo wa kasi hiyohiyo ukakujia usoni, upinzani ni mara nne ya ule wa siku tulivu. Kabla ya kuchagua uanzie upande gani, tazama kwanza upepo unatoka wapi. Na reli zilipita chini ya milima. Njia ya Elroy-Sparta huko Wisconsin, Marekani, ina mahandaki matatu, moja lina zaidi ya kilomita nzima. Ndani ni giza totoro hata saa sita mchana, na unatakiwa kushuka, kukokota baiskeli na kuwa na tochi.

"Alama zote ni zilezile, zifuate tu"

Uswisi kibao cha manjano kinaonyesha njia ya kawaida ya kutembea. Kikipakwa rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe, hiyo ni njia ya mlimani, inayotaka mguu thabiti na mtu asiyeogopa kimo. Nyeupe, buluu na nyeupe ni ya wazoefu, wenye kujua miamba na barafu. Ufaransa, kwenye njia ndefu za miguu ziitwazo GR, mstari mweupe juu ya mwekundu maana yake uko sawa, na rangi hizohizo zikipishana kama msalaba wa kulala zinakuambia rudi, njia si huko. Dakika tano za kusoma maana ya alama za mahali unapokwenda hazipotei.

Baiskeli zina mfumo ninaoupenda kuliko yote. Mhandisi wa migodi wa Ubelgiji, Hugo Bollen, alitaka kila makutano ya njia yapewe namba, kama mgodini. Mtandao wa kwanza wa njia hizo ulifunguliwa mwaka 1995 Limburg, jimbo la Ubelgiji. Unaandika kwenye karatasi namba tano au sita, unafuata moja hadi nyingine, na ukichoka unabadilisha safari papo hapo bila kupotea.

"Hakuna mtandao, simu haina kazi"

Simu hupokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, haihitaji mnara kujua ulipo. Inachokosa ni ramani, kama hukuipakua mapema. Kinachomaliza chaji ni simu kuhangaika kutafuta mnara usiokuwepo, kwa hiyo iweke katika hali ya ndegeni. Baridi nayo hunyonya betri. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili.

"Baiskeli ndizo zinazoharibu njia"

Hili limewagombanisha watu wengi, nami nilikuwa upande wa wenye miguu. Mwaka 1994 watafiti wawili, Wilson na Seney, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwenye njia za Montana, Marekani. Walilinganisha waendao kwa miguu, farasi, baiskeli na pikipiki, wakamwagia njia maji na kupima udongo uliochukuliwa. Kwenye njia iliyolowa, kwato na miguu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu. Mguu unachimba, hasa unapopanda na kushuka, gurudumu linabiringika.

Hilo halimsafishi mwendesha baiskeli. Gurudumu huacha mstari usiokatika, na mstari huo ukielekea chini ya mlima ni mfereji tayari. Anayefunga breki ya nyuma hadi tairi ikaburuzika ameulima mfereji huo kwa mkono wake. Tairi likianza kuzama na kuacha alama ya kina, geuza, rudi siku njia imekauka.

"Tutawanyike, tusiikanyage sehemu moja"

Wanaosema hivi wana nia njema. Lakini mimea haiumii kwa kiwango sawa kwa kila hatua. Miguu ya mwanzo ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya madhara, kisha hatua mia zinazofuata zinaongeza kidogo tu, kwa sababu kilichokuwa hai kimeshakufa. Kwa hiyo palipo na njia, wote wapite humo humo. Kutawanyika kuna maana pale tu pasipo na njia kabisa, ili isizaliwe mpya.

"Nikizunguka tope nimeiokoa njia"

Hapa ndipo roho yangu huuma. Mtu anaona dimbwi katikati ya njia, anapanda ukingo, anapita juu ya majani. Viatu vinabaki safi. Majani yale yanakufa, udongo unashindiliwa, maji yanakosa pa kuzama, na pale alipopita panakuwa tope la wiki ijayo. Anayefuata anazunguka mbali zaidi. Nimeona kijia cha kupita mtu mmoja kikipanuka hadi gari lingepita, na hakuna aliyekusudia. Pita katikati ya tope. Viatu vinafuliwa.

Kukatiza kona ni ugonjwa uleule. Njia ya mlimani haipindapindi kwa uvivu wa aliyeichonga. Wajenzi wana kanuni: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima, na kwa wastani usizidi mita 10 kwa kila mita 100. Ikizidi hapo, maji yanaacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Anayekatiza kona anachora mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, yaani mstari ambao maji yalikuwa yakiutafuta tangu zamani. Mvua ijayo inaukuta, inauchimba, na baada ya misimu michache kona yenyewe imekatika na kuporomoka.

"Njia ikishafunguliwa, kazi imekwisha"

Watu hukusanyika siku ya ufunguzi, kisha njia inaachiwa mvua. Njia iliyojengwa vizuri haikulala sawa kama meza. Ukingo wake wa upande wa bonde uko chini kidogo, ili maji yavuke na kuondoka. Kadiri tunavyopita, tunausukuma udongo nje taratibu, hadi kwenye ukingo ule kunainuka kituta kidogo, pengine kimo cha vidole vinne. Hukioni usipokitafuta. Kinatosha kuyafungia maji ndani, na yakifungiwa yanatafuta njia ya kushuka, nayo ni hiyo hiyo tunayopita.

Kukiondoa hakuhitaji mhandisi. Siku ya mvua ndogo, tafuta mahali maji yametuama au yanapotiririka kufuata njia. Upande wa bonde, kata kituta kwa jembe, au kama huna jembe, kwa kisigino. Ondoa majani yaliyoziba mtaro uliopo hapo. Maji yatasimama kidogo, yatageuka, kisha utayasikia yakishukia majanini.